Mikono ya Salome

Msikilizaji, nasema nawe popote unaponisikia: wewe uliye jikoni unachambua mchele, wewe dereva uliyekwama kwenye foleni, wewe mlinzi unayeanza zamu, na hasa wewe uliye wodini usiku huu, mgonjwa au muuguzi, umeiweka redio chini kwa sauti ndogo ili usimwamshe wa kitanda cha pili.

Nianze na swali, na usijibu haraka. Tangu umekuwa mtu mzima, ni nani amewahi kukuogesha? Siulizi utotoni. Nauliza ukiwa na ndevu zako, au na watoto wako, halafu ugonjwa ukakulaza hata mkono huwezi kuuinua, nguo zimechafuka na unajua zimechafuka. Ni nani aliyekuja na beseni?

Wengi wetu jibu letu ni moja kati ya mawili. Ama ni mama, ama ni nesi. Wako waliooana na watu wema, nao watasema mke au mume, sawa. Lakini wengi ni mama au nesi. Na mwanamke ninayetaka tumkumbuke leo alikuwa yote mawili, mama na muuguzi.

Jina lake ni Salome Karwah. Narudia, Salome Karwah, wa Liberia, kule Afrika Magharibi. Kazi yake ilikuwa muuguzi msaidizi na mshauri wa wagonjwa. Alifariki tarehe 21 Februari 2017, akiwa na umri wa miaka 28, siku nne tu baada ya kujifungua mtoto wake wa nne.

Huenda sura yake uliwahi kuiona. Desemba 2014 jarida la Marekani la Time liliwachagua waliopambana na Ebola kuwa watu wa mwaka, likachapa majalada kadhaa yenye picha zao. Jalada moja lilikuwa na picha ya Salome. Binti wa kliniki ndogo ya familia nje kidogo ya Monrovia, sura yake ikazunguka dunia nzima. Mlishike hilo jalada, nitalirudia baadaye kwa sababu nina neno nalo.

Sasa twende pamoja, polepole. Ilikuwaje?

Mwaka 2014 Ebola ilikuwa imezishika nchi tatu zinazopakana, Guinea, Sierra Leone na Liberia. Mpaka inamalizika mwaka 2016 ilikuwa imeshaua watu zaidi ya 11,000. Sitawarushia tarakimu nyingi, redio si mahali pake. Nataka niwaonyeshe namna ugonjwa ulivyoingia katika nyumba moja.

Ulianza kwa mjomba. Mjomba alisaidia kumpeleka hospitali mwanamke mgonjwa. Basi, hilo ndilo kosa lake lote, kama ni kosa. Akaugua. Alipoona hali imekuwa mbaya akampigia simu baba yake Salome: njoo unisaidie. Baba akaenda, akamchukua, akampeleka kutibiwa. Siku chache baada ya kurudi, baba naye akalala kitandani. Mama akamuuguza baba. Salome akamuuguza baba. Dada mtu akamuuguza, na mchumba wa Salome, na mpwa wao. Wote wakaugua.

Umeona, msikilizaji? Hapo hakuna mlevi, hakuna mzinzi, hakuna aliyelogwa. Kila aliyeambukizwa katika nyumba ile aliambukizwa akimsaidia mwenzake. Ebola haisambai hewani kama mafua. Inapita kwa kugusana na maji ya mwili wa mgonjwa: damu, matapishi, jasho, choo. Na ni nani anayegusa matapishi ya mtu? Ni yule ampendaye, au yule mwenye kazi hiyo. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapiga kwanza akina mama na wauguzi. Narudia hapo, kwa sababu ndipo mazungumzo yetu ya leo yanaposimama: huwapiga kwanza akina mama na wauguzi.

Agosti 2014 familia ile ikaingia katika kituo cha Madaktari Wasio na Mipaka pale Monrovia, kituo kilichojulikana kwa jina la ELWA 3. Kilikuwa na mahema makubwa, na kilikuja kufikia vitanda 250, kituo kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kujengwa kwa ajili ya Ebola mpaka wakati huo. Salome na mama yake wakawekwa hema moja. Wengine wakatawanywa katika mahema mengine. Dada yake alikuwa mjamzito, mimba ikatoka humo humo. Vipimo vikarudi: Salome ana Ebola.

Baadaye alipokuja kusimulia, alisema kuna siku ambazo hazikumbuki vizuri. Mama yake alikuwa anapigania roho yake kitanda cha pili, na yeye mwenyewe akazidi kudhoofika mpaka wauguzi wakaamua kumhamishia hema jingine. Alikuwa anatapika mfululizo. Hakuweza kula mwenyewe, hakuweza kuoga, hakuweza kubadili nguo. Wauguzi ndio waliomwogesha, wakamvalisha, wakamlisha.

Niruhusuni nisimame hapa kidogo. Muuguzi wa Ebola haingii wodini kama unavyomwona nesi wa zahanati, na gauni lake jeupe na kalamu mfukoni. Anavaa suti ya plastiki inayomfunika mwili mzima, aproni nzito juu yake, buti za mpira, glavu pea mbili, barakoa, kofia na miwani mikubwa. Akishavaa hivyo hata mama yake mzazi hawezi kumtambua, kwa hiyo wenzake humwandikia jina kwa kalamu ya wino mzito juu ya aproni, ili mgonjwa ajue anasema na nani. Joto la mle ndani halisemeki. Jasho linajaa kwenye buti. Kwa kawaida hakai humo zaidi ya saa moja hivi, kisha anatoka na kuvuliwa kipande kimoja kimoja huku akipuliziwa dawa ya klorini, na kila hatua mtu anamsimamia kwa sababu kosa dogo katika kuvua linaweza kumuua. Basi katika hiyo saa moja, mtu huyo akainama na beseni akamwogesha Salome, ambaye hakuwa ndugu yake wala haikujulikana kama atapona.

Akapona. Siku 18 baada ya kuingia, damu ikapimwa, hakuna virusi, akaambiwa nenda nyumbani. Dada yake akapona. Mchumba wake akapona. Baba na mama hawakutoka.

Ukidhani habari ya mateso imeishia hapo, bado.

Kurudi nyumbani ni jambo la furaha, siyo? Majirani wanakuja, wanakupa pole, mtu analeta kuku, mtu analeta mchele. Salome alirudi akakuta majirani wachache wamempokea na wengi wamejitenga. Walisema bado anao ugonjwa. Kulikuwa na kundi la watu walioipa nyumba yao jina jipya, wakaiita nyumba ya Ebola. Hebu fikiria umefiwa na baba na mama kwa mpigo, na mtaa mzima unapaita kwako nyumba ya Ebola.

Halafu siku moja mwanamke mmojawapo wa kundi lile lile akamjia. Mama yake anaumwa, dalili ni zile zile. Alikuwa anaomba nini? Alikuwa anamwomba Salome amsaidie kumfikisha mama yake kwenye kituo cha tiba.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Mimi najijua, ningeanza kwanza kwa maneno. Ningemkumbusha yote aliyoyasema, nimalize dukuduku langu, ndipo nichukue kanga yangu tuondoke. Salome alikwenda naye. Alisema alifurahi kwa sababu angalau yule mwanamke sasa alikuwa amejua kwamba Ebola hainunuliwi dukani, na kwamba hakuna anayejua ni nani anayefuata kwenye foleni.

Baada ya hapo akafanya jambo lililowashangaza wengi. Akarudi ELWA 3. Safari hii hakurudi kama mgonjwa, alirudi kufanya kazi, mahali pale pale alipofia baba yake na mama yake. Alipewa kazi ya ushauri, lakini ukisikiliza alivyoieleza zamu yake utagundua ilikuwa zaidi ya ushauri. Akimkuta mgonjwa amekataa kula, anakaa naye mpaka ale. Akimkuta hana nguvu za kuoga, anamwogesha. Aliwachukua wagonjwa wake kama watoto wake. Na alikuwa na dawa moja ambayo daktari yeyote kutoka Ulaya au Marekani hakuwa nayo hata angekuja na shahada kumi: aliweza kumwambia mgonjwa, nilikuwa katika hema hili hili, nilikuwa natapika kama wewe, na leo nimesimama mbele yako.

Wauguzi mnaonisikiliza mnajua thamani ya neno hilo. Mgonjwa aliyekata tamaa hugeukia ukutani. Ukimwona amegeukia ukutani na shuka amejifunika kichwa, unajua una kazi.

Sasa huenda kuna msikilizaji anajiuliza, huyu mtangazaji anatupeleka Liberia kufanya nini, kwani kwetu hakuna wauguzi wa kukumbukwa? Wapo, tena wengi. Na habari hii ni yetu pia. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, kaskazini mwa Uganda, hospitali ya Lacor ilizika wauguzi wake mmoja baada ya mwingine, na mwishowe ikamzika daktari mkuu wake, Matthew Lukwiya, ambaye aliambukizwa akimhudumia muuguzi mgonjwa. Mwaka 2022 ilipozuka Mubende, kati ya waliofariki alikuwemo daktari kijana Mtanzania aliyekuwa masomoni Uganda. Machi 2023 tukasikia Marburg, ndugu yake Ebola, iko Kagera, na mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa marehemu. Na wenzetu wa Kongo, mnaotusikiliza Beni na Butembo kwa Kiswahili hiki hiki, ninyi hamhitaji kusimuliwa. Mlikaa na Ebola tangu 2018 hadi 2020. Kule Beni, wanawake waliopona ndio waliowabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa kituoni. Wakawalisha, wakawalaza vifuani. Njia ya Salome hiyo hiyo.

Tuendelee. Tunafika kwenye sehemu ngumu.

Ebola ikaisha Liberia. Salome akaolewa na yule mchumba waliyeugua pamoja, wakalea watoto. Mwanzoni mwa 2017 alikuwa na mimba ya mtoto wa nne.

Hapa kwetu pwani, mwanamke akijifungua tunamwita mzazi, na mzazi ni mtu wa kushikwashikwa. Anakandwa maji ya moto asubuhi na jioni, tena na mtu ajuaye, si kila mwenye mikono. Anafungwa mkaja tumboni. Anapewa uji wenye pilipili manga mpaka machozi yamtoke. Haachwi peke yake chumbani. Akiingia maliwatoni kuna mtu mlangoni. Wazee wanasema mzazi kaburi lake li wazi siku arobaini. Vijana mkisikia hivyo mnaona ni maneno ya kutisha watu. Mimi nawaambia waliosema hivyo walikuwa wamezika wazazi wengi, na walikuwa wanajua wanachokisema kabla ya hospitali yoyote kujengwa.

Tarehe 17 Februari 2017 Salome alijifungua kwa upasuaji. Mtoto wa kiume, mzima. Siku tatu baadaye akaruhusiwa kurudi nyumbani. Haukupita hata usiku mzima. Saa chache tu baada ya kufika akapatwa na degedege. Mumewe na dada yake wakamrudisha hospitali mbio.

Dada yake ndiye aliyesimulia yaliyotokea pale, akamweleza mwandishi wa Time. Kwa maelezo yake, Salome alifika povu linamtoka mdomoni, mwili unarukaruka. Na wahudumu, walipojua ni mtu aliyewahi kuugua Ebola, wakasimama mbali. Hakuna aliyetaka kugusa maji ya mwili wake. Hakuna aliyemchoma sindano. Kesho yake, tarehe 21, Salome akafariki. Aliacha mume, na watoto wanne, mmoja wao hajatimiza hata wiki. Wakuu wa afya wa Liberia waliahidi kuchunguza.

Msikilizaji, sitaki tuharakishe kuwalaani wale wahudumu. Ningeweza, na ingekuwa rahisi, simu zenu zingemiminika hapa studio. Lakini kumbukeni Liberia ilipoteza wahudumu wa afya zaidi ya 180 kwa Ebola. Wauguzi wengi wa Monrovia walikuwa na mwenzao waliyemzika, au waliyekatazwa hata kumzika. Ukiwa umemwona mwenzako anafariki kwa sababu alimpokea mgonjwa bila glavu, halafu miaka miwili na nusu baadaye analetwa mtu anatoka povu na unaambiwa huyu aliwahi kuwa na Ebola, mwili wako unarudi nyuma kabla akili haijafikiri. Ninaelewa. Lakini kuelewa si kusema ilikuwa sawa. Haikuwa sawa. Salome hakuwa na Ebola. Alikuwa mzazi mwenye degedege, na mzazi mwenye degedege anahesabiwa dakika.

Basi tulizungumze hili wazi, kwa sababu najua kuna mtu anauliza moyoni: je, aliyepona si hatari kweli?

Nasema hivi. Mtu aliyepona Ebola akapimwa akaonekana hana virusi katika damu, hakuambukizi kwa kumshika mkono, kukaa naye, kula naye, kulala chumba kimoja, wala kumwogesha. Virusi vinaweza kujificha kwa muda katika sehemu chache za mwili, kama ndani ya jicho, na kwa wanaume katika shahawa, ambako vinaweza kukaa miezi mingi. Ndiyo maana wanaume waliopona hupewa ushauri wa kutumia kondomu na kurudi kupimwa. Hilo ni la kweli na halifichwi. Lakini kwa muuguzi anayempokea mzazi aliyepona miaka miwili na nusu iliyopita, kinga inayotakiwa ni ile ile anayopaswa kuitumia kwa kila mgonjwa wa siku zote: glavu, kunawa, kuwa mwangalifu na sindano. Unavaa glavu, unamshika. Narudia. Unavaa glavu, unamshika.

Na kama hospitali haina glavu? Hilo nalo ni swali halali, na wauguzi wengi wananisikia sasa hivi wanatikisa kichwa. Muuguzi asiye na glavu anaombwa awe jasiri kwa mwili wake mwenyewe. Tunawapenda sana wauguzi jasiri, tunawaandika magazetini. Mimi ningependa zaidi wauguzi wenye boksi la glavu lililojaa, na anayeishiwa apewe jingine bila kuandika barua tatu.

Sasa lile jalada la Time nililosema nitalirudia. Picha nzuri, dada amesimama anatazama mbele, hana woga. Dunia ikampigia makofi. Na miaka miwili na kidogo baadaye, mjini kwake mwenyewe, sifa ile haikumsogezea mtu kitandani. Wengine walikuwa wanamjua, tena huko kujulikana kwake ndiko kulikomponza, maana walijua huyu ndiye yule wa Ebola. Nalisema hili kwa sababu na sisi tuna tabia hiyo. Mwaka 2020, Korona ilipoingia, watu katika nchi mbalimbali walitoka madirishani kuwapigia wauguzi makofi, na katika baadhi ya nchi hizo hizo wenye nyumba wakawaambia wapangaji wao wauguzi wahame. Asubuhi shujaa, jioni mizigo iko nje.

Na hapa nyumbani? Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, wauguzi wetu huvaa sare zilizopigwa pasi, huwasha mishumaa, husimama kurudia kiapo chao, na mgeni rasmi husoma hotuba. Sikatai, ni siku yao na waifurahie. Mimi hutazama mstari wa nyuma, wale wakubwa waliobakiza mwaka mmoja wastaafu, miguu imevimba, viatu vimepanuliwa upande. Huwa najiuliza hao wakiugua, nani atawaogesha? Maana muuguzi akiugua ana shida moja ambayo wewe na mimi hatuna: anajua kila kitu. Anajua ile dripu inatakiwa iende matone mangapi, anajua kimya cha daktari kina maana gani, anamwona nesi mwanafunzi anavyohangaika kutafuta mshipa na anamwelekeza mwenyewe huku mkono ni wake. Na nyumbani watoto wamezoea mama ndiye anayeuguza. Mama mwenyewe akilala, hakuna anayejua kipimajoto kinakaa droo ipi.

Kwa hiyo ukiniuliza tumkumbukeje Salome, au yule nesi wako wa kijijini aliyekuzalisha mtoto kwa taa ya chemli, nitaanza na jambo la nyumbani kabisa. Tujue dalili za hatari kwa mzazi. Tena leo nitazisema taratibu, aliye na kalamu aandike, asiye na kalamu amwite mwenzake wasikilize wawili.

Mwanamke aliyejifungua, awe amejifungua kwa kawaida au kwa upasuaji, awe hospitali au nyumbani, ana hatari kwa wiki sita nzima. Siku za mwanzo ndizo kali kuliko zote. Akisema kichwa kinamuuma sana na hakitulii, mpelekeni. Akisema anaona maluweluwe, au macho yamefifia, mpelekeni. Uso na mikono ikivimba, apimwe presha, na msikubali kuambiwa ni uchovu tu kabla presha haijapimwa. Damu ikitoka nyingi, akawa anabadilisha pedi au kitambaa mara kwa mara, msisubiri kukuche. Homa, harufu mbaya, kidonda cha upasuaji kutoa usaha, mpelekeni. Na akipata degedege, msimshike kwa nguvu, msimtie kijiko mdomoni, mlazeni kwa ubavu ili asipaliwe, mkimbieni naye hospitali. Hasemwi ana mashetani. Hapelekwi kwanza kwa fundi. Wauguzi wetu wanakijua kifafa cha mimba, na wanajua kwamba kinaweza kumpata mtu hata kama ameshajifungua. Kuna sindano ya magnesiamu ya kutuliza degedege hiyo, ni dawa ya miaka mingi na si ya gharama kubwa. Lakini sindano lazima ichomwe na mkono wa mtu.

Na mkifika hospitali, anayemsindikiza mzazi aseme neno moja mlangoni, aseme kwa sauti: huyu amejifungua siku tatu zilizopita. Au siku saba. Au wiki mbili. Mara nyingi mgonjwa anafika amepoteza fahamu, amefunikwa kanga, na aliye zamu hajui kama huyu ni mzazi. Neno hilo linabadilisha kila kitu.

Mtayarishaji wangu ananionyesha kidole, maana yake dakika moja. Basi niwaombe jambo. Tuandikieni ujumbe mfupi kwa namba ile ile ya siku zote. Andikeni jina kamili la muuguzi mmoja aliyekwisha kufariki ambaye mnamkumbuka, mahali alipofanyia kazi, na jambo moja alilokufanyia. Moja tu, msiniandikie risala. Asiyejua jina lake aulize kwanza, pale zahanati lazima yupo anayelijua. Tutayasoma wiki ijayo, wakati kama huu.

Na nyumba yenye mzazi usiku huu, kabla hamjazima taa, mtu mmoja aingie chumbani amuulize: kichwa kinauma? Kama kinauma, msingoje asubuhi.